Chaja Ndiyo Inayoua Betri

Hakuna kifaa kinachosingiziwa ubovu katika nyumba zetu kama betri. Taa inapofifia saa mbili za usiku, au redio inapokata sauti kabla ya taarifa ya habari, lawama huiangukia betri, na baada yake muuza duka aliyeiuza. Mteja hurudi dukani na hasira zake, muuza duka humwonyesha maandishi madogo yaliyo chini ya risiti, na mwisho wa ubishi ni kununuliwa betri nyingine mpya, ambayo nayo hufa mwaka haujaisha. Sisi tunaona kuwa mara nyingi anayeshitakiwa siye. Mkosaji ni chaja, na chaja haijapata kuitwa hata siku moja itoe ushahidi.

Yafaa tueleze kidogo jinsi mambo yalivyo. Betri ya risasi na tindikali, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, haijabadilika sana katika misingi yake. Ile ya volti 12 ina seli sita, na kila seli ina mabamba ya risasi yaliyozama katika tindikali. Ikiwa imejaa na kupumzishwa saa kadhaa, kipimo husoma volti 12.6 au 12.7, ikisoma 12.0, imebakiza kidogo sana. Ili kuijaza, chaja haina budi kusukuma umeme mpaka volti zifike kiasi cha 14.4, izishikilie hapo kwa muda, kisha izishushe hadi 13.5 au hapo karibu. Hiyo ndiyo kazi yote ya chaja, lakini ni kazi inayotaka usahihi. Volti zikipungua kwa nusu tu, betri haijai. Zikizidi kwa nusu, inachemka.

Betri isiyojazwa barabara hujenga chumvi nyeupe ya salfeti juu ya mabamba yake. Siku za mwanzo chumvi hiyo ni laini na huyeyuka betri inapochajiwa vizuri. Ikiachwa majuma mengi hugeuka ngumu kama chokaa ya ukutani, na hapo hakuna fundi wa kuirudisha. Ile inayochemka, kwa upande wake, hupoteza maji yake kwa kugeuka gesi za haidrojeni na oksijeni. Mabamba hubaki wazi, nacho chumba kilichofungwa madirisha hujaa gesi ambayo cheche ya swichi yatosha kuilipua. Wapo wanaolala chumba kimoja na betri ya namna hiyo wakiwa na watoto wao.

Sasa tuiangalie chaja yenyewe. Ile ya bei rahisi iliyotapakaa madukani ni transfoma na daiodi chache ndani ya kopo la bati. Haina akili ya kupima kitu. Umeme wa njiani ukishuka jioni, watu wote wanapowasha majiko na pasi, nayo hushuka, na betri hukaa usiku kucha bila kujaa. Umeme ukipanda alfajiri wakati mji umelala, nayo hupanda, na betri huchemka. Chaja za kisasa, zile nyepesi za kielektroniki, zina uwezo wa kujipima; lakini vipuri vyake hukauka kwa joto, feni yake humeza vumbi, na kwa sisi tulio karibu na bahari hewa ya chumvi hula nyaya zake nyembamba. Ubaya wake ni kwamba haifi mara moja. Huendelea kuwasha taa ya kijani ya kumwambia mwenyewe kuwa betri imejaa, nayo haijajaa.

Jambo moja ambalo wauzaji wetu hawalitaji kamwe ni joto. Kadiri joto linavyozidi ndivyo volti za kuchajia zinavyotakiwa kupunguzwa, na kwa betri ya volti 12 kipimo chake ni kama volti 0.02 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Chaja nyingi zimewekwa tayari kiwandani kwa digrii 25. Mtu wa Pangani anayeweka betri yake chini ya paa la bati mwezi wa Februari, na mtu wa Lushoto anayeota moto asubuhi ya Julai, mji wake ukiwa kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, wanaweza kununua chaja ya aina moja katika duka moja la Tanga mjini. Chaja hiyo itamchemshia mmoja betri yake na kumlaza mwingine na betri isiyojaa. Tena mafundi wa betri wana kanuni yao ya siku nyingi kuwa kila joto likizidi digrii 10, umri wa betri hupungua karibu kwa nusu. Kwa hiyo wa Pangani amepata hasara mara mbili.

Wala tusidhani kuwa haya ni masaibu ya nchi maskini peke yake. Huko Ulaya watu wengi wana karavani, yaani nyumba za magurudumu zinazokokotwa na gari kwenda mapumzikoni. Ndani yake mna betri ya taa na pampu ya maji, na chaja iliyofungwa humo humo. Nyingi ya chaja hizo zimewekwa kwenye volti 13.8, hazipandi wala hazishuki, kwa kuwa zimetakiwa zilishe taa na betri kwa wakati mmoja. Matokeo yake ni malalamiko yale yale: betri haijai sawasawa, na karavani ikiachwa imechomekwa kwenye umeme majira yote ya baridi, maji ya betri hukauka. Tofauti ni kuwa mwenye karavani akiharibikiwa hukosa mapumziko ya juma moja, kisha hurudi kwenye nyumba yenye umeme.

Huku kwetu betri ndiyo umeme wenyewe. Katika vijiji vinavyotumia mwanga wa jua, kazi ya chaja hufanywa na kidhibiti chaji, ambacho mafundi hukiita kontrola. Tumeona vidhibiti vilivyochapwa herufi MPPT kwa wino mzuri, na ndani yake hamna kitu kinachostahili jina hilo. Kibaya zaidi, kidhibiti kikifa, fundi wa kijijini huunganisha nyaya za paneli moja kwa moja kwenye betri ili taa iwake usiku ule. Taa huwaka kweli, na mwenye nyumba humshukuru. Miezi michache baadaye betri imekauka, na inayolaumiwa ni betri.

Katika zahanati hasara hiyo haipimwi kwa shilingi peke yake. Chanjo nyingi hutakiwa zikae kati ya digrii 2 na 8. Majokofu ya jua ya zamani yalitegemea betri, na betri zilipokufa chanjo ziliharibika. Udhaifu huo ni sababu moja iliyofanya majokofu mapya yatengenezwe kwa namna ya kuhifadhi baridi katika barafu badala ya kuhifadhi umeme katika betri. Jokofu limepata ufumbuzi. Taa ya chumba cha kujifungulia haijaupata, maana mama hachagui kujifungua mchana. Mkunga anayeshika tochi kwa meno huku mikono yake ikifanya kazi hana nafasi ya kuuliza kama kidhibiti kilikuwa cha kweli au cha bandia.

Tena betri iliyokufa ina mwisho wake. Risasi yake huyeyushwa ili itumike tena, na pasipo na uangalifu moshi wake ni sumu. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, wameyaona hayo. Waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 kwa madhara waliyopata, kabla ya kesi hiyo kuendelea katika rufaa. Kila betri inayouawa mapema na chaja mbovu huongeza mzigo wa takataka za namna hiyo.

Shirika la Viwango Tanzania limekuwapo tangu mwaka 1975, na kazi yake ni kumlinda mnunuzi katika mambo ambayo macho yake hayawezi kuyaona. Tunaliomba lizidi kununua chaja na vidhibiti madukani bila kujitambulisha, livipime chini ya joto la pwani, na litangaze majina ya vilivyoshindwa. Kila boksi na liandikwe kwa Kiswahili volti za kuchajia, volti za kushikilia, na aina ya betri inayofaa, kwa kuwa betri iliyozibwa ya jeli, betri ya maji, na hizi za lithiamu zinazoingia sasa hazichajiwi kwa kipimo kimoja. Halmashauri za wilaya, zinapotenga fedha za betri mpya za zahanati, zitenge pia za kumpeleka fundi mwenye mita akapime chaja kabla betri hiyo haijafungwa.

Mnunuzi naye asingoje serikali. Mita ya kupimia volti si kitu cha anasa siku hizi. Aombe chaja iunganishwe na betri hapo hapo dukani, aisubiri mpaka ishibe, asome mwenyewe imefika ngapi, na aone kama inashuka baadaye. Muuza duka atakayekataa kipimo hicho, na abaki na chaja yake.