Kinywaji cha matunda chenye mapovu: Namna ya kuwaandalia wageni wa kila imani

KATIKA mtaa wa Pumwani, mashariki mwa jiji la Nairobi, si ajabu harusi moja kuwakutanisha mjomba anayeswali katika Msikiti wa Riyadha na shangazi anayeabudu katika Kanisa la Kianglikana la St John's. Mwenyeji anapotaka kuwapokea wageni kwa kinywaji cha matunda kilichochanganywa na divai yenye mapovu, hukabiliwa na swali zito: atawaridhishaje wanaokunywa kileo bila ya kuwakosea wasiokitumia?

Jibu limo katika mpango wa utayarishaji. Matunda yaandaliwe peke yake, na divai iongezwe mwisho kabisa, ndani ya bilauri ya yule tu aliyeiomba. Kanuni hiyo hulinda imani za watu, na ndiyo pia inayokipa kinywaji ladha bora.

Pumwani imeishi na suala hili tangu ilipoanzishwa mapema katika miaka ya 1920. Serikali ya kikoloni iliwahamishia hapo Waafrika kutoka vijiji vya awali vya Nairobi, wengi wao wakiwa Waislamu. Wakati huo huo, baraza la mji liliendesha ukumbi wake wa pombe mtaani humo huku likiwaandama wanawake waliopika pombe nyumbani. Tangu hapo waumini na wanywaji wamekuwa majirani wa ukuta kwa ukuta.

Mseto wenyewe una asili ya Italia. Kinywaji kiitwacho Bellini kilibuniwa mjini Venice na Giuseppe Cipriani, mwasisi wa Harry's Bar, kwa kuchanganya rojo la pichi nyeupe na divai yenye mapovu. Pichi si tunda la kila siku katika soko la Gikomba, lakini embe na pasheni hufanya kazi hiyo vyema.

Mahitaji ni maembe matatu makubwa yaliyoiva, pasheni sita, ndimu mbili na bilauri moja ya maji yaliyochemshwa kisha yakapozwa. Matunda yaoshwe kwa maji safi kabla ya kukatwa. Embe limenywe na kusagwa pamoja na maji hayo. Pasheni zipitishwe katika chujio ili mbegu zibaki, kisha mchanganyiko wote uchujwe tena kuondoa nyuzi. Maji ya ndimu huongezwa kidogo kidogo, kwani uchachu wake huzuia utamu usizidi. Sukari aghalabu haihitajiki. Rojo hilo liwekwe kwenye jokofu kwa muda wa saa mbili au tatu.

Kuchuja huko kuna sababu. Mapovu ni gesi ya kaboni iliyoyeyuka katika divai chini ya shinikizo kubwa. Nyuzi na mbegu huipa gesi hiyo mahali pa kujikusanya na kutoroka kwa kasi, na povu likafurika mezani. Joto nalo huifukuza gesi. Ndiyo maana divai na rojo vyote vinapaswa kuwa baridi sana. Barafu ndani ya bilauri haifai sana, kwa sababu huongeza maji na kuharakisha kutoweka kwa mapovu. Kamwe divai au soda isitiwe katika mashine ya kusagia, kwani gesi inaweza kurusha kifuniko.

Chupa nayo yataka uangalifu. Shinikizo ndani ya divai ya aina ya shampeni hushinda la gurudumu la gari mara mbili au zaidi. Chupa iinamishwe, ielekezwe mbali na watu, kizibo kishikwe imara kwa mkono mmoja na chupa izungushwe taratibu kwa mkono wa pili. Kizibo kikirushwa kwa mbwembwe huweza kumpofusha mtu.

Wakati wa kuandaa, rojo hujaza theluthi moja ya kinywaji, kisha divai humiminwa polepole ubavuni mwa bilauri hadi itimie theluthi mbili. Chupa ya mililita 750 hutosha bilauri saba, kila moja ikipata takribani mililita 100 za divai.

Kwa wageni wasiotumia kileo, rojo hilo hilo huongezewa maji ya soda au soda ya tangawizi. Mwenyeji asome kibandiko cha chupa kwa makini, kwa kuwa baadhi ya divai zinazotangazwa kuwa zimeondolewa kileo hubakiwa na hadi asilimia 0.5 ya kileo, kiasi ambacho Waislamu wengi hawatakikubali. Meza mbili zitengwe, zikiwa na majagi, miiko na bilauri tofauti, na kila mhudumu ajue anachobeba. Kumwambia mgeni kwamba ni sharubati tu ilhali kina divai ni kuvunja uaminifu. Na pale mwenye nyumba anapotaka shughuli isiyo na kileo kabisa, kinywaji hiki hakipungukiwi na kitu.

Watoto pia wasisahauliwe. Divai yenye asilimia 12 ya kileo, ikichanganywa kwa kipimo hicho, hutoa kinywaji chenye takribani asilimia 8, karibu maradufu ya bia za kawaida, na utamu wa embe huificha nguvu hiyo. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka wa 2010 inakataza kumuuzia kileo aliye chini ya umri wa miaka 18, na yeyote anayetaka kukiuza lazima awe na leseni.

Aidha, pombe kali isiyojulikana ilikotoka isitumiwe badala ya divai ili kupunguza gharama. Mnamo Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walifariki Nairobi, wengi wao katika mtaa wa mabanda wa Mukuru, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Sumu hiyo haitambuliki kwa ladha, na hakuna tunda linaloiondoa. Asiyemudu divai halali atumie maji ya soda. Wageni watafurahi na kurejea kwao salama.