Mlango wa Mwenyekiti wa Kijiji

Ndugu wapiganaji na askari polisi, kila mmoja wetu anayehamishiwa wilaya ngeni ya Uganda huutafuta kwanza mlango wa mwenyekiti wa kijiji. Huyo ndiye anayejua nani amehamia jana, na ng'ombe wa nani hawakurudi zizini. Yafaa basi tupime: uongozi huo umewafaa nini wananchi, na umepungukiwa wapi?

Chimbuko lake ni vita vya msituni vya mwaka 1981 hadi 1986. Huko Luwero, kamati za siri za wanavijiji ziliwapatia wapiganaji chakula, habari na vijana wa kujiunga nao. Baada ya ushindi wa Januari 1986, Mabaraza ya Upinzani yalienezwa nchini kote. Kila kijiji kilichagua kamati ya watu 9, akiwamo katibu wa usalama na katibu wa wanawake. Viongozi na raia walipitia mafunzo ya chaka mchaka, wakafundishwa historia, siasa na hata kushika bunduki.

Faida ilionekana. Sheria ya mwaka 1988 iliyapa mabaraza uwezo wa kuamua kesi ndogo. Mjane aliyenyang'anywa kipande cha shamba aliweza kusikilizwa kijijini, kwa lugha yake, mbele ya majirani wanaoujua mpaka. Wanawake nao wakapata kiti barazani.

Lakini tusijisifu tu. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2001, vijiji havikupiga kura nyingine hadi tarehe 10 Julai 2018. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba mabaraza hayo, ambayo sasa huitwa Mabaraza ya Mitaa, hayakuwa halali chini ya mfumo wa vyama vingi. Hata hivyo wenyeviti waliendelea kupiga mihuri. Mwenyekiti asiyeogopa kura hushawishika kuuza muhuri wake, na maskini akakosa barua ya utambulisho kwa kukosa fedha.

Fundisho ni hili: mafunzo humpa kiongozi maarifa, bali kura humpa haya. Wananchi wakimdharau mwenyekiti, habari hazimfikii, na doria yetu hutembea gizani. Basi tunapobisha mlango wake, tumheshimu kama mtumishi wa waliomchagua, tusimgeuze mpelelezi wetu, wala tusishirikiane naye kumla mnyonge. Usalama wa kijiji hulindwa kwanza na imani ya wanakijiji. Bunduki hufuata nyuma.