Wasikilizaji wengi, fedha kidogo: korona ilivyozibana redio

Machi 16, 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa michezo na mikusanyiko. Tangu siku hiyo kila mtu alitaka kusikia taarifa ya habari. Ajabu ni kwamba huo ndio wakati redio nyingi zilianza kuishiwa fedha.

Kuelewa sababu, anza na jambo moja: wewe msikilizaji hulipii kusikiliza. Ukiwa Nyamigogo na redio yako ya betri, unachogharamia ni betri tu. Anayelipa ni mwenye tangazo. Kwa redio za wilayani huyo ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye gesti, mtu wa mnada, familia yenye tangazo la msiba, shirika lenye semina au mradi wa kilimo. Wasikilizaji wakiongezeka maradufu huku watu hao wamekunja mikono, redio haipati hata shilingi ya ziada.

Na walikunja mikono kweli. Semina zikikatazwa, hakuna wa kuzitangaza. Rwanda ilipofunga mipaka yake kwa abiria mwezi huohuo wa Machi, Rusumo ikabaki kwa malori ya mizigo, nayo kwa masharti. Mfanyabiashara wa Benaco aliyezoea wateja wa kuvuka mpaka, akiona siku inapita bila mauzo, hawezi kuanza kwa kupunguza chakula cha watoto. Anaanza na tangazo la redio.

Mpira nao una hesabu yake, na huu ni mfano ambao wengi hawaufikirii. Ligi Kuu ilisimama Machi, ikarejea Juni. Ulaya nako viwanja vilifungwa. Kampuni za kubashiri matokeo, ambazo ni watangazaji wakubwa wa vipindi vya michezo, zikakosa mechi za kubashiri. Watangazaji wetu wa michezo wakabaki wakichambua mechi za zamani, jambo zuri kwa mazungumzo ya kijiweni lakini halilipi bili.

Upande wa matumizi hakuna kilichosimama: umeme, mafuta ya jenereta, leseni, mafundi wa mnara, mishahara. Matangazo ya kunawa mikono nayo yalichukua muda mwingi hewani, mara nyingi bila malipo. Hakuna anayelalamikia hilo, ila dakika iliyotolewa bure ni dakika isiyouzwa.

Nchini Kenya, kulikokuwa na amri ya kutotoka nje usiku, kampuni kubwa kama Nation Media Group, Standard Group na Mediamax zilipunguza mishahara au wafanyakazi mwaka huo. Hizo zina magazeti, televisheni na ofisi za mauzo. Redio ya wilaya ina meneja mmoja wa masoko, na pengine ndiye huyohuyo anayesoma salamu za mchana.

Zipo redio ambazo hazikuanzishwa kwa ajili ya biashara. Radio Kwizera ya hapa Ngara ilianzishwa mwaka 1995 na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, wakati wilaya hii ilikuwa imejaa wakimbizi. Redio za aina hiyo hutegemea zaidi wafadhili kuliko maduka. Lakini wafadhili wengi wako Ulaya na Marekani, ambako korona ilipiga vibaya, na fedha za miradi zikaanza kuelekezwa kwenye barakoa na hospitali.

Anayeumia kwanza ni mwandishi wa kujitegemea, yule anayelipwa kwa kila habari. Hana mkataba wa kuvunja wala mshahara wa kukata. Anaambiwa tu asubiri. Nauli ya bodaboda ikikosekana, habari ya kijiji inachukuliwa kwa simu kutoka kwa mtendaji, na mwananchi mwenye malalamiko dhidi ya mtendaji huyo hasikiki.

Tanzania ilipata ahueni moja ambayo Kenya haikuipata mwaka huo: kampeni za uchaguzi, kuanzia mwishoni mwa Agosti. Wagombea walinunua muda hewani. Oktoba 28 watu wakapiga kura, na mapato hayo yakaishia hapo.