Majira ya Ndege: Kwa Nini Hawatagi Wakati Mmoja Pahali Pote?

Kila mwaka, tangu mwezi wa tisa, mbayuwayu wa Ulaya wanaanza kuonekana huku Kivu. Kwa nini hawajengi viota kwetu? Na kwa nini mabawa yao yana mapengo? Tuangalie sababu zake.

Ya kwanza ni nuru. Goma iko karibu na ikweta: mchana wetu unadumu masaa 12 na dakika chache mwaka mzima. Bruxelles, mchana unafika masaa 16 na nusu katika mwezi wa sita, tena masaa 8 tu katika mwezi wa kumi na mbili. Ndege wa kaskazini anaifuata tofauti hiyo kama saa. William Rowan alilihakikisha jambo hilo huko Alberta, Kanada, katika miaka ya 1920: aliwawashia ndege taa za umeme wakati wa baridi kali, na viungo vyao vya uzazi vikakua kabla ya majira yake.

Ya pili ni ufupi wa majira ya joto. Kadiri tunavyopanda kaskazini, ndege anachelewa kutaga na anaharakisha kubadilisha manyoya. Kazi hizo mbili hazipatani vema: manyoya mapya yanadai chakula kingi, na bawa lenye mapengo haliruki sawasawa kutafutia makinda wadudu. Mbayuwayu, mwenye safari ndefu, anaiacha kazi ya manyoya ya mabawa mpaka afike Afrika.

Kwetu mvua ndiyo yenye kuamuru zaidi: inaleta wadudu, majani mabichi ya kusukia viota, kisha mbegu. Hata hivyo ndege wa kwetu pia ana saa ndani ya mwili. Eberhard Gwinner aliwafuga Ujerumani ndege wadogo wa asili ya Kenya katika nuru isiyobadilika. Wakaendelea kubadilisha manyoya kwa zamu, mwaka baada ya mwaka.

Hapa pana hatari. Dunia inapata joto, wadudu wa Ulaya wanatoka mapema, lakini urefu wa mchana ni uleule. Ndege mwenye kufuata nuru anaweza kukuta chakula cha makinda kimepita.

Nasi tuna sehemu yetu. Bawa litakalomrudisha mbayuwayu Ulaya linaota kwa wadudu wa Afrika. Kijana anayempiga kwa manati wakati huo anampiga akiwa dhaifu. Tuwafundishe watoto wetu kumwacha.