Je, Wajua? Yaliyo Nyuma ya Simu ya Mezani ya Intaneti

Mwenye ofisi akienda kununua simu za mezani za intaneti, muuzaji huanza na kioo: kikubwa, cha rangi, cha kugusa. Bei nayo hupanda kwa ajili ya kioo hicho. Lakini yanayoamua kama mteja atakusikia vizuri yamo ndani ya waya, na muuzaji huwa hayataji.

Je, wajua kwamba sauti ilisafirishwa kwa pakiti za mtandao tangu 1974? Danny Cohen na wenzake wa Marekani waliifanikisha kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Ilipita miaka 25 kabla ya kuchapishwa, mwaka 1999, kwa SIP, utaratibu ambao simu nyingi za ofisini huutumia leo kuitana. Uzuri wa SIP ni kwamba ni mali ya wote: simu ya kampuni moja huweza kuunganishwa na mtambo wa kuongoza simu wa kampuni nyingine. Muuzaji akikwambia simu zake hukubali mtambo wake tu, muulize utazipeleka wapi siku mkiachana.

Mwaka huohuo wa 1999, kijana mmoja wa Alabama, Mark Spencer, alikuwa na kampuni changa na hakuwa na fedha za kununua mtambo wa simu za ofisi. Akauandika mwenyewe kama programu ya kompyuta, akauita Asterisk, kisha akauachia umma bure. Ofisi ndogo yenye fundi mzuri bado inaweza kuutumia leo bila kulipia leseni.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo ofisi zetu huumia zaidi. Wanaokumbuka enzi za Posta na Simu wanajua kwamba taa zilizima nyumba nzima, lakini simu ikaendelea kulia. Sababu ni kuwa kituo cha simu kilikuwa na betri zake, kikatuma takriban volti 48 kupitia waya uleule wa shaba uliobeba sauti. Simu ya intaneti iliyochomekwa ukutani haina bahati hiyo. Umeme ukikatika, nayo imezima.

Hata hivyo, tangu 2003 kuna kiwango kinachoruhusu swichi ya mtandao kuipa simu umeme kupitia kebo ya mtandao yenyewe, kwa volti zilezile 48 au karibu na hapo, hadi wati 15.4 kwa kila tundu. Tena swichi haimwagi umeme ovyo. Ukichomeka kebo, kwanza hutuma volti chache tu na kupima kama upande wa pili kuna ukinzani wa takriban omu 25,000, ambao ndio alama ya kifaa kinachostahili kulishwa. Ikiuona, hufungua umeme. Isipouona, kwa mfano umechomeka kompyuta ya kawaida, huacha tundu bila umeme. Faida yake ni kubwa: badala ya kutafuta betri ya kila meza, unaweka betri moja ya akiba kwenye kabati la swichi na ruta, na ofisi nzima inaendelea kupokea wateja gizani. Fedha zikiwa hazitoshi, mimi ningenunua simu za kioo kidogo na kuweka fedha zilizobaki kwenye swichi ya namna hii na betri yake.

Je, wajua kwamba mazungumzo hayahitaji intaneti kubwa? Kwa njia ya kawaida, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde na kukatwa katika pakiti 50. Ukijumlisha anwani na vichwa vya pakiti, simu moja hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Watu kumi wakiongea kwa pamoja hawafikii hata megabiti moja. Sauti inayokatikakatika kwa kawaida hutokana na pakiti kuchelewa, kwa sababu pakiti ya sauti iliyochelewa haisubiriwi, hutupwa. Mwambie fundi aipangie ruta ipitishe pakiti za sauti kwanza, kabla ya video za watu.

Kuchelewa kuna mpaka wake. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Kabla ya 2009, mawasiliano mengi ya Afrika Mashariki na nje yalipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kupanda na kushuka tu kulikula karibu robo sekunde. Ndiyo maana watu walikuwa wakigongana kwa maneno. Mikongo ya baharini iliyofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka huo iliuondoa usumbufu huo. Lakini Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Kwa hiyo uliza mtambo wako utakaa wapi. Mtambo ukiwa ofisini, mapokezi wataendelea kumpigia mhasibu hata intaneti ikikatika. Mtambo ukiwa nje ya nchi, hata chumba cha pili hakipatikani.

Je, wajua kwamba simu nyingine hutengeneza kelele makusudi? Ukinyamaza, huacha kutuma pakiti ili kuokoa nafasi. Simu ya mwenzako basi hutoa mvumo hafifu, asije akadhani laini imekatika.

La mwisho ni zito. Desemba 2013, katika hoteli moja mjini Marshall, Texas, Kari Hunt alishambuliwa na kuuawa. Binti yake wa miaka 9 alipiga 911, namba ya dharura ya Marekani, mara nne kwa simu ya chumbani. Haikupita, kwa kuwa simu ya hoteli ilidai namba 9 kwanza ili kutoka nje. Mwaka 2018 Marekani ilipitisha sheria yenye jina la mama huyo, inayotaka mitambo mipya ipitishe 911 moja kwa moja. Fundi akimaliza kufunga simu zako, akuonyeshe jinsi namba ya dharura, 112 au 999, inavyopita bila kutanguliza namba yoyote, na akueleze ni anwani gani imeandikwa kwenye laini hiyo.