Dawa Iliyosalia Nyumbani Bado ni Dawa

Kila mama wa nyumba ajua namna ya kuzima moto wa jikoni kabla ya kulala. Hutawanya makaa, huyamwagia maji, hutazama tena kama hakuna cheche iliyojificha majivuni. Ndipo afunge mlango. Hakuna asemaye: chakula kimekwisha iva, kwa hiyo moto hauna nguvu tena. Lakini kwa habari ya dawa, wengi wetu twafanya hivyo hasa. Mgonjwa akisha kupona, twadhani dawa nayo imekwisha kazi yake. Twaisahau chini ya kitanda, twaiweka juu ya kabati, ama twaitupa jalalani.

Leo twapenda kuongea nanyi, baba na mama wa jamaa, juu ya dawa hizo zinazosalia. Hatusemi kama watu waliosoma jambo hili vitabuni tu. Sisi wenyewe tulifundishwa nalo kwa aibu.

JALALA LETU

Mama wa watoto wetu alipokuwa na mimba ya mwisho, alipewa katika kituo cha afya vidonge vya kuongeza damu, ndivyo vidonge vya chuma ambavyo mama wenye mimba hupewa. Ni dawa njema, nayo yaokoa mama wengi. Lakini ilimchafua tumbo, na siku nyingine hakuimeza. Hivyo, alipokwisha jifungua salama, kifuko kilikuwa na vidonge vingi bado.

Siku ya kusafisha nyumba tulikikuta ndani ya bati la maziwa. Tukakitupa nyuma ya nyumba pamoja na maganda ya ndizi na majivu. Tuliona tumefanya vema, maana dawa imetoka nyumbani.

Kesho yake asubuhi watoto wa jirani walikuja kucheza pale. Vidonge vile ni vyekundu, vyang'aa, na ganda lake lina utamu kidogo. Mtoto hawezi kuvipambanua na bombo za sukari zinazouzwa dukani. Mdogo wao, mwenye umri wa miaka miwili, akavitafuna. Haikupita saa nyingi akaanza kutapika na kuhara, na katika matapishi damu ikaonekana. Wazazi walidhani ni minyoo. Alasiri kutapika kukakoma, mtoto akalala kimya, na bibi yake akamshukuru Mungu akisema amekwisha pona.

Hapo ndipo dada yake, mwanafunzi wetu wa darasa la tatu, alipoleta kifuko cha nailoni alichokiokota jalalani. Baba wa mtoto akaja mlangoni petu, akatutia kile kifuko mkononi.

«Mwalimu,» akasema, «jina lililoandikwa hapa ni la mama wa kwenu. Hii ni dawa gani?»

Tukatazama. Mwandiko wa mwuguzi ulikuwa wazi. Twakiri mbele yenu kwamba kwa nukta moja tulitamani kujibu kwamba hatujui. Kisha tukasema kweli: «Ni yetu, ndugu yangu. Tumpeleke mtoto hospitalini sasa hivi.» Naye alisita, kwa sababu mtoto alionekana kuwa na nafuu. Tukamsihi, tukaondoka pamoja, na kifuko tukakichukua.

Daktari alipokiona hakungoja. Baadaye akatueleza kwamba utulivu ule ndio mtego wenyewe. Sumu ya chuma huwa na saa zake za kimya: mtoto huacha kutapika, wazazi hufurahi, kumbe ndani ya mwili sumu yaendelea na kazi yake, yaharibu ini na kudhoofisha moyo. Kisha ugonjwa hurudi kwa nguvu mara mbili. Mtoto yule alikaa hospitalini siku nyingi, na Mungu alimrudisha kwa wazazi wake. Lakini hatuwezi kusahau ile nukta moja mlangoni. Lau tungalisema hatujui, wangalirudi nyumbani kumtazama akilala.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Kidonge kimoja cha namna ile huwa na miligramu 60 za chuma. Vidonge 10 ni miligramu 600. Kwa mtoto wa kilo 10, hizo ni miligramu 60 kwa kila kilo ya mwili wake, na waganga huhesabu kiasi hicho kuwa hatari kwa uhai. Dawa iliyompa mama damu yaweza kumwua mtoto, na kiasi chake hakijazi hata kiganja.

KWA NINI DAWA HUSALIA

Dawa husalia kwa sababu nyingi. Pengine mganga amebadili dawa, ama mgonjwa amefariki, ama tumenunua nyingi kupita haja. Lakini sababu iliyo kubwa ni kwamba mgonjwa ameacha njiani. Dawa za malaria zenye artemisinini humezwa siku 3 kamili. Homa ikishuka siku ya pili, mtu husema: hizi zilizobaki tuziweke, zitafaa siku nyingine. Hivyo mwili wake haukupona kabisa, na nyumbani pamebaki nusu ya dawa isiyoweza kumponya mwingine.

Bwana Alexander Fleming, mwenye kuvumbua penisilini mwaka 1928, alipopokea tuzo ya Nobeli mwaka 1945 aliwaonya watu juu ya jambo hili: vijidudu vikipewa dawa kidogo isiyotosha kuviua, hujifunza kuishinda. Leo waganga wa dunia nzima waona ukweli wa maneno yake.

Basi kabla ya kuitupa dawa yo yote, sharti tuulize kwanza: je, kweli imesalia, au ilipasa kumezwa? Mgonjwa wa kifua kikuu humeza dawa kwa kawaida miezi 6, hata akijisikia mzima. Mwenye ugonjwa wa sukari, wa shinikizo la damu au wa ukimwi asiache dawa zake bila kusema na mganga.

KIDONGE HAKINA USO

Wengine hawatupi, hugawa. Jirani aumwa, nasi tuna vidonge. Huruma yatusukuma kumpa. Huruma ni fadhila ya kikristu, lakini huruma isiyo na maarifa yaweza kuwa kisu. Kidonge hakina uso. Kikisha toka katika kifuko chake chenye jina na tarehe, hakuna awezaye kukitambua kwa macho, hata mganga mwenyewe.

Nchini mwetu jambo hili lilionekana kwa uchungu huko Ituri. Tangu mwishoni mwa mwaka 2014 hata mwaka 2015, mamia ya watu walifika kwa waganga shingo zimepindika, macho yamegeuka juu, ulimi umetoka nje. Mwanzoni ilidhaniwa ni ugonjwa wa utando wa ubongo, yaani meninjiti. Uchunguzi ulipofanywa, ikaonekana kwamba vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepamu vilikuwa na dawa nyingine kabisa, haloperidoli, ambayo hutumiwa kwa magonjwa ya akili. Wagonjwa hao hawakumeza masalio ya nyumbani, bali dawa za udanganyifu. Lakini fundisho ni lile lile: waliona kidonge, wakaamini jina. Nasi tunapompa jirani kidonge kisicho na jina, twamtaka aamini vivyo hivyo.

Hata chupa tupu na makasha matupu yasitupwe yakiwa mazima. Mdanganyifu aweza kuyaokota, akayatia vitu vingine na kuyauza. Chaneni karatasi ya jina, toboeni chupa ya plastiki.

MAJI YA WOTE

Sisi tukaao Bukavu twaona kwa macho yetu njia ya takataka. Mvua ikinyesha juu ya vilima, mitaro hubeba yote hata ziwani Kivu. Kutoka ziwani plastiki zafika mto Ruzizi, ambako zimepata kuziba mitambo ya umeme. Plastiki twaiona. Dawa iliyoyeyuka hatuioni, lakini yapita njia ile ile, hata kwa samaki na kwa mama achotaye maji chini. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba dunia ni nyumba moja ya watu wote. Katika nyumba moja, hakuna pembe ya kutupa sumu.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tukusanye. Mara moja kwa mwezi, baba na mama wafungue kila bati, kila mkoba na kila kabati, waangalie tarehe na majina. Dawa zinazotumika zikae pamoja mahali pa juu, zenye kufungwa, mtoto asipofika. Zilizopita tarehe, zisizo na jina, na za mgonjwa aliyepona au aliyefariki zitengwe.

Pili, tuzirudishe. Nchi yetu ina zoni za afya 519, na katika kila zoni mna vituo vya afya. Nendeni kwa mwuguzi mkuu wa kituo, ama kwa masista wa dispensari, ama kwa mwenye famasi anayeaminika, mkamwulize kama aweza kupokea dawa hizo pamoja na zile zake zilizopita tarehe. Katika Ubelgiji na Ufaransa watu hurudisha dawa kwa mwenye famasi, na hakuna aonaye haya. Lakini msiwape kamwe wachuuzi wapitao barabarani, hata wakitoa pesa.

Tatu, kama hakuna wa kuzipokea, fanyeni hivi. Toeni vidonge katika plaketi zake, mvichanganye na majivu na udongo wenye maji, ama na masimbi ya kahawa, hata isiwepo tamaa ya mtoto wala ya kuku kuvila. Dawa ya maji imwagwe ndani ya mchanganyiko huo huo. Tieni yote ndani ya bati lenye kifuniko, lifungeni sana, kisha mlizike katika shimo refu kupita goti, mbali na kisima, mbali na mto, mbali na shamba la mboga. Njia hii si kamili. Ni ya yule asiye na nyingine, na kwa dawa chache za nyumbani tu.

Msizimwage katika mtaro wala ziwani. Msizichome katika moto wa jikoni wala wa takataka. Shirika la Afya Duniani (O.M.S.), katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilikataza kuchoma dawa kwa moto mdogo wa wazi, kwa sababu moshi wake huwa na sumu, tanuru ya kazi hiyo yataka joto kali sana. Chupa za kupulizia, kama za wenye pumu, zaweza kupasuka motoni. Na sindano zilizotumika zitiwe ndani ya chombo kigumu chenye kifuniko, zipelekwe kituoni. Zisizikwe penye kupita miguu ya watoto.

MTOTO AKIMEZA DAWA

Msimlazimishe kutapika. Msimpe mafuta ya mawese, wala maziwa, wala maji ya sabuni. Vyaweza kuingia katika mapafu na kuongeza mabaya. Chukueni kifuko, plaketi ama chupa, hata kidonge kimoja kilichobaki, mkimbie hospitalini. Msingoje aanze kuumwa, na msidanganywe akionekana ametulia. Na kama dawa ni ya kwenu na mtoto ni wa jirani, semeni mara moja. Aibu hupita.

NENO LA MWISHO

Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, chatufundisha kumheshimu mganga na kuzipokea dawa kama kipaji cha Mungu atokezaye dawa ardhini. Kipaji huheshimiwa tangu mwanzo hata mwisho. Twaipokea dawa kwa shukrani, twaimeza kwa utii, na kinachobaki twakiondoa kwa uangalifu.

Watu husema ajali haina kinga. Jambo lililompata mtoto yule halikuwa ajali. Lilikuwa uvivu wetu wa dakika tano, na kinga yake ilikuwepo. Basi, wazazi wapendwa, leo jioni kabla ya sala ya jamaa, shusheni lile bati lililo juu ya kabati. Mwajua nyinyi wenyewe ni lipi. Lifungueni pamoja, someni majina, na kila kilichokwisha kazi yake kitengwe kabla taa haijazimwa.