Intaneti ikipungua, simu za ofisi zipite wapi?

MNAMO Mei 12, 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari Hindi, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikawa ya kujikokota nchini Kenya na katika mataifa jirani. Bahari iko mbali na milima ya Gusii. Hata hivyo, ofisi ya Kisii au Nyamira ambayo simu zake hupitia intaneti haiwezi kusema hitilafu hiyo haiihusu.

Baadhi ya ofisi hukodi swichibodi iliyo katika kompyuta za ng'ambo. Hivyo, simu ya kutoka Nyamira kwenda Kisii, miji iliyo jirani, huenda ikavuka bahari na kurudi.

Je, simu moja huhitaji nafasi kiasi gani? Kwa mfumo uitwao G.711, takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Kwa G.729, unaobana sauti, takriban kilobiti 31. Ofisi iliyotenga kilobiti 512 kwa ajili ya simu itabeba tano za aina ya kwanza, au 16 za aina ya pili. Simu ya G.711 ya sita ikiruhusiwa kuingia, haitaumia peke yake, kwani maneno ya wote sita yataanza kukatikakatika.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kubana sauti na kuweka kikomo cha simu zinazopita kwa wakati mmoja. Ya pili ni kuielekeza swichibodi ipeleke simu zinazozidi kikomo hicho kwenye laini ya kawaida ya simu, au kwenye kifaa chenye kadi za simu za mkononi. Njia hii hugharimu pesa za maongezi, kwa hivyo wakuu wa ofisi waamue mapema ni simu zipi zitakazotangulizwa. Muuguzi wa Nyamira anayeulizia kitanda Kisii kabla ya kumhamisha mama mjamzito hapaswi kupanga foleni nyuma ya anayeagiza karatasi.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi. Intaneti ikikatika kabisa, mtambo ulio ofisini hauwezi kuhamisha simu zinazotoka nje, maana hauzipati. Amri ya kuzielekeza kwenye nambari za mkononi lazima iwekwe mapema kwa kampuni inayotoa huduma.

Mpango huo haufai kubaki katika makaratasi. Mara moja kwa mwezi, baada ya saa za kazi, ofisi ichomoe waya wa intaneti kisha mtu apige nambari yake kutoka nje. Simu isipopokelewa, ni heri kasoro hiyo igunduliwe jioni hiyo kuliko siku ambayo mgonjwa yuko njiani.